Zimezimwa au zimezimika? Taa za ukumbi mikononi mwa fundi wa jukwaa

Miaka michache iliyopita nilialikwa kutazama tamthilia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja ambao sitautaja. Taa za ukumbini zilififia kwa upole, jukwaa likapata nuru, na kwa muda wa saa nzima tulisahau kwamba tumeketi kwenye viti vigumu. Onyesho la pili likaisha. Giza likaingia, kama ilivyo ada, ili waigizaji wabadilishe vyombo. Tukangoja. Tukaendelea kungoja. Baadhi yetu tulidhani giza lile refu ni ufundi wa mwelekezi, hata wakatokea watu wa kupiga makofi. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa safu ya mbele yangu, alihitaji kutoka. Aliposhuka ngazi akakosa kidato, akaanguka. Hapo ndipo simu zilipotolewa mifukoni na ukumbi ukajaa vitochi.

Mzee aliteguka kifundo cha mguu, na tunashukuru kwamba hayakuzidi hayo. Baadaye nilimwendea fundi wa taa, kijana mpole aliyekuwa akitokwa na jasho kuliko waigizaji. Nikamuuliza, kulitokea nini?

"Taa zilizimika, Prof," akasema.

Wasomaji wa safu hii wananijua: sikuweza kuiacha ile -ik- ipite hivi hivi. Taa zilizimika? Ama zilizimwa?

Tofauti hii tunaifundisha darasani kila mwaka na kila mwaka wanafunzi huiona kama mchezo wa walimu wa sarufi. Katika kauli ya kutendwa, "taa zimezimwa", yupo mtendaji hata kama hatajwi. Kuna mkono uliobonyeza. Katika kauli ya kutendeka, "taa zimezimika", tunaeleza hali tu, wala hatudai kwamba kuna aliyekusudia. Stima imepotea, balbu imeungua, waya umekatika. Ndiyo maana mtoto aliyevunja kikombe hasemi "nimekivunja", bali "kimevunjika". Kauli ya kutendeka ni kimbilio la wakosaji na la wasio na hatia vilevile.

Kijana yule hakuwa mwongo. Lakini kitenzi alichokichagua hakikuwa sahihi, na kwa sababu hakikuwa sahihi yeye mwenyewe hakujua hitilafu ilikuwa wapi. Ili nieleze kwa nini, sharti kwanza nieleze jinsi taa za ukumbi zinavyotawaliwa siku hizi. Nilijifunza haya kwa kuwasumbua mafundi kwa maswali, nao walinivumilia.

Ukumbi wa maonyesho una koo mbili za taa. Kuna taa za jukwaa, zile zinazowamulika waigizaji. Kisha kuna taa za ukumbi, zinazotuangazia sisi watazamaji tunapotafuta viti, tunaposoma ratiba na tunapotoka. Katika kumbi nyingi za shule na za kijamii hapa nchini koo hizi mbili hazijuani. Taa za jukwaa zina meza yake ya kuziongoza, ilhali taa za ukumbi zina swichi ukutani, pengine karibu na mlango, kama za sebuleni. Maonyesho yanapoanza, mtu mmoja husimama kwenye swichi na mwingine kwenye meza, wakapungiana mikono. Swichi ikibonyezwa, giza huanguka kwa kishindo. Watoto hupiga mayowe. Aliyekuwa bado anatafuta kiti husimama kama mti.

Kumbi zilizojengwa au kukarabatiwa karibuni huziweka koo zote mbili chini ya meza moja. Fundi mmoja, kwa kidole kimoja, hushusha taa za ukumbi kwa sekunde tano au kumi huku akipandisha za jukwaa. Mtazamaji hupewa muda wa macho yake kuzoea, na mazungumzo hupungua yenyewe kadiri nuru inavyopungua. Ukitaka kujua uwezo wa jambo hili, sikiliza ukumbi wa watu mia tano ukinyamaza bila ya mtu yeyote kuambiwa anyamaze.

Wazo lenyewe si jipya. Katika karne ya 19, kumbi za Ulaya zilipotumia gesi, palikuwa na meza ya vilango vya gesi pembeni mwa jukwaa, na mtu mmoja aliweza kupunguza au kuongeza miali katika sehemu mbalimbali za jengo. Kabla ya hapo giza la watazamaji halikuwa jambo la kawaida. Ukumbi wa Globe kule London, uliojengwa mwaka 1599, haukuwa na paa katikati, na tamthilia za Shakespeare zilichezwa mchana, mtazamaji na mwigizaji wakionana uso kwa uso. Sisi huku tunalielewa hilo bila ya maelezo. Ngoma huchezwa uwanjani, na kwenye taarabu ya mwambao taa zikizimwa, nani atamwona nani akienda kutuza? Mtunzi wa Kijerumani Richard Wagner ndiye anayetajwa sana kwa kuwatia watazamaji gizani katika ukumbi wake wa Bayreuth uliofunguliwa mwaka 1876, ili macho yasiwe na pengine pa kwenda ila jukwaani.

Lakini giza lina gharama. Tarehe 8 Desemba 1881 moto ulizuka katika ukumbi wa Ringtheater mjini Vienna. Gesi ikafungwa, na pamoja nayo nuru ikaondoka. Taa za mafuta zilizowekwa kwa ajili ya dharura hazikuwa zimewashwa. Mamia ya watu walikufa wakipapasa njia. Wiki tatu baadaye, tarehe 28 Desemba, ukumbi wa Savoy wa London ulionyesha mchezo wake wa kwanza ambao ndani yake jukwaa na ukumbi vyote viliangazwa kwa umeme. Meneja wake, Richard D'Oyly Carte, alipanda jukwaani na balbu iliyowaka, akaivunja mbele ya umma kuonyesha kwamba haiunguzi. Watu wakashangilia. Umeme haukuyamaliza maafa, hata hivyo. Tarehe 30 Desemba 1903 huko Chicago, taa ya umeme ya jukwaani iliwasha pazia katika ukumbi wa Iroquois, na watu 602 wakapoteza maisha. Milango mingine ya kutokea ilikuwa imefichwa nyuma ya mapazia ya urembo, na alama za kuielekeza hazikuwepo. Naomba msomaji ayakumbuke mapazia hayo. Nitayarudia.

Sasa tuingie kwenye meza yenyewe. Lugha ambayo meza nyingi za taa huzungumza na taa zake inaitwa DMX512. Ilibuniwa Marekani mwaka 1986 ili meza ya kampuni moja iweze kuamuru taa za kampuni nyingine. Ifikirie hivi. Mwalimu ana darasa la wanafunzi 512, kila mmoja na nambari yake. Anasoma orodha kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na kila mmoja anamtajia alama yake, kuanzia 0 hadi 255. Sifuri maana yake ni kuzima kabisa, 255 ni kuwaka kwa nguvu zote. Akifika mwisho anaanza upya, na darasa likiwa limejaa anaweza kuirudia orodha yote yapata mara 44 kwa sekunde. Taa za ukumbi ni wanafunzi wachache tu katika darasa hilo, tuseme nambari 501 hadi 506.

Ajabu ya darasa hili ni kwamba hakuna mwanafunzi anayejibu. Mwalimu hasikii "ndiyo, mwalimu". Anasoma tu. Ikiwa nambari 503 hakusikia, au alisikia vibaya, mwalimu hana habari. Kwa taa za jukwaa hili si tatizo, kwani kosa husahihishwa katika mzunguko unaofuata kabla jicho halijaliona. Ila waandishi wa itifaki hiyo walionya wenyewe kwamba isitumiwe kuendeshea vitu vinavyoweza kudhuru watu, mathalani fataki na mitambo ya kusogeza mandhari, kwa kuwa haina njia ya kuhakikisha kwamba ujumbe umefika salama. Taa ya ukumbi haidhuru mtu ikiwaka. Ikikosa kuwaka, nishaeleza yaliyompata mwalimu mstaafu.

Alama ikishafika, nani anaitii? Kwa balbu za zamani zenye uzi ndani, ni kifaa kinachoitwa dima. Umeme wetu hapa Kenya hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, yaani nusu-mawimbi 100. Dima hulikata kila nusu-wimbi. Ikiruhusu lote, taa inawaka kikamilifu, na ikichelewa kufungua mlango, inapita sehemu tu na taa inafifia. Uzi wa balbu ni wa moto na haupoi upesi, kwa hivyo hauzioni hizo kata mia. Hufifia kama jua la magharibi, hata rangi yake hugeuka kuwa ya dhahabu.

Taa za LED hazina subira hiyo. Zikifungwa kwenye dima ya zamani, nyingi hupepesa, hulia mlio mwembamba kama mbu, au hufifia vizuri mpaka karibu na mwisho kisha zikakatika ghafla. Nimeona kumbi ambamo balbu za LED zilinunuliwa ili kupunguza bili ya stima, zikachomekwa mahali pa zile za kale, na tangu siku hiyo kila onyesho likafunguliwa kwa kumetameta kama disko matangani. Taa hizi huja na kifaa chao cha kuzilisha umeme, na kifaa hicho ndicho kinachotaka kuambiwa kiwango. Aghalabu husikia lugha nyingine kabisa. Vingine husikia volti kati ya 0 na 10. Vingine husikia lugha ya DALI, ambamo waya mmoja huhudumia vifaa vya taa visivyozidi 64. Basi kati ya meza na taa za ukumbi lazima akae mkalimani, kisanduku kinachopokea DMX upande mmoja na kutoa DALI upande wa pili. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya ukalimani anajua mahali ambapo mambo huharibika.

Jicho nalo lina hila zake. Ukishusha taa kutoka asilimia 100 hadi 50, mtazamaji anaweza asitambue. Ukishusha kutoka 10 hadi sifuri, kila mtu anajua. Kwa hiyo sehemu ya chini ndiyo yenye kazi, na alama 255 hazitoshi kila mara, kwani jicho huziona ngazi nuru inaposhuka polepole. Vifaa bora hutumia nambari mbili kwa taa moja, na hapo ngazi zinakuwa 65,536.

Kisha kuna suala la fahali wawili katika zizi moja. Taa za ukumbi haziwezi kuwa mali ya fundi wa jukwaa peke yake. Najua ukumbi ambamo wafagiaji walifanya kazi alfajiri kwa mwanga wa milango iliyoachwa wazi, kwa sababu taa zilikuwa chini ya meza, meza ilikuwa ndani ya chumba, chumba kilikuwa kimefungwa, na ufunguo ulikuwa na mtu aliyekwenda shamba. Ukumbi uliopangwa vyema huwa na vitufe ukutani, mlangoni, vinavyoamuru taa zile zile. Fahali hawa wakitofautiana, itumike sheria gani? Mara nyingi mwenye kiwango cha juu ndiye hushinda. Meza ikisema sifuri na kitufe kikisema 200, taa hutii 200. Sheria hii inaweza kumuudhi mwelekezi, maana kitufe kikisahauliwa juu, giza lake halipatikani. Mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo: katika ugomvi, nuru ndiyo hushinda.

Sasa turudi kwenye usiku ule. Meza ya taa ya ukumbi ule ilikuwa kompyuta ya mkononi yenye programu ya kuongoza taa. Katikati ya giza la kubadilisha onyesho, kompyuta ikaganda. Mwalimu wa darasa langu la mfano akazimia akiwa ametoka kutangaza sifuri kwa wote.

Je, wanafunzi hufanya nini mwalimu akinyamaza? Vifaa vingi hupangwa vishikilie agizo la mwisho. Ni mpango wa busara kwa jukwaa. Waya ukichomoka katikati ya hotuba ya shujaa, afadhali abaki amemulikwa kuliko apotee. Usiku ule agizo la mwisho lilikuwa sifuri, na taa zote, za jukwaa na za ukumbi, zikalishika kama mtoto aliyeambiwa asitoke hapo mpaka mama arudi.

Msomaji atauliza, na taa za dharura zenye betri, je? Zilikuwepo. Lakini taa hizo huamka stima inapopotea. Stima haikupotea! Umeme ulikuwa tele ukutani, kwa hiyo taa za dharura ziliona mambo ni shwari zikaendelea kulala. Palikuwa na taa moja tu iliyopaswa kuwaka muda wote, nayo ni ile ya kijani juu ya mlango wa kutokea. Mtu alikuwa ameifunika kwa karatasi nyeusi. Nilipouliza sababu, nikaambiwa ilikuwa inaharibu giza.

Kwa hivyo, kijana wangu, taa hazikuzimika. Zilizimwa, kihalali, na wewe mwenyewe, kwa agizo lililokuwa kwenye mchezo. Kilichozimika ni kompyuta. Aliyetoa amri alitoweka na amri yake ikabaki. Maneno haya mawili yanampeleka fundi mahali tofauti kabisa. Akisema "zilizimika", ataanza kukagua balbu, fyuzi na nyaya, na fundi yule alinikiri kwamba ndivyo alivyofanya kwa dakika kadhaa, tochi mdomoni, huku tukikaa gizani. Akisema "zimezimwa na hakuna wa kuziwasha", angekimbilia kitufe ambacho hakipiti kwenye kompyuta. Kama kingekuwepo.

Kinatakiwa kuwepo. Ni swichi moja, isiyofungiwa chumbani, inayopandisha taa za ukumbi hadi juu bila ya kuomba ruhusa ya meza. Kengele ya moto nayo iunganishwe ifanye vivyo hivyo. Taa za vidato na za milango zisiwekwe kabisa chini ya meza, hata mwelekezi akilia machozi. Na vile vifaa vya taa za ukumbi, tofauti na vya jukwaa, vipangwe ili mwalimu akinyamaza kwa sekunde chache, vipande juu vyenyewe. Vifaa vingi vya kisasa vinaruhusu mpango huo, ila mara nyingi vinatoka kiwandani vikiwa na ule wa kushikilia, na fundi anayevifunga haulizi. Njia ya kujua ukumbi wako uko upande gani ni rahisi: kabla watu hawajaingia, shusha taa zote, kisha chomoa waya wa meza, utazame.

Nimalizie deni moja la lugha. Mafundi wetu huendesha mambo haya kwa Kiingereza, na nimewasikia wakidai Kiswahili hakifai kwa sababu kinachanganya. Si kweli, ingawa wana mfano mmoja mzuri. Mwelekezi anataka nuru kila pembe, anasema kwenye kipaza sauti: "Jukwaa zima!" Anakusudia jukwaa lote. Fundi anasikia jukwaa, kisha amri ya kuzima, na anatii. Nimecheka sana niliposimuliwa. Dawa ni kuchagua maneno mapema, kama marubani wafanyavyo. Tuseme "lote" badala ya "zima" tunapotaka ukamilifu. "Fifisha" iwe ya kushusha polepole, na idadi ya sekunde itajwe: "ukumbi, fifisha, saba". "Zima" ibaki kwa giza la ghafla peke yake. Na "pandisha" ni bora kuliko "washa" pale taa inaporudi kidogo kidogo. Msamiati upo. Kinachokosekana ni makubaliano ya watu watatu au wanne kabla ya mazoezi.

Muhula uliopita nilipita kwenye ukumbi ule. Fundi ni yule yule, sasa ana ndevu. Akaniita: "Prof, njoo uone kitu." Akashusha taa zote mpaka giza totoro, kisha akachomoa waya nyuma ya kompyuta. Tukahesabu hadi tatu. Taa za ukumbi zikapanda zenyewe, polepole, safu baada ya safu.

"Zimewashwa au zimewaka?" akaniuliza.

Nikamwambia zimewaka. Karatasi nyeusi bado iko juu ya mlango. Hiyo, alisema, ni ya mwelekezi, yeye hana ruhusa ya kuitoa.